Mwenye Kufuga Chura Afuge na Mvua Yake



Jambo ninalotaka tulizungumze wiki hii huenda likawashangaza baadhi yenu, kwani aghalabu katika kurasa hizi twazungumza juu ya ndoa, mapishi, afya na masomo ya wanetu. Lakini hili nalo ni la malezi. Mtoto akiomba kufuga kiumbe ambaye maumbile yake hayalingani na mahali mnapoishi, mzazi amjibu vipi? Binti yangu mwenye umri wa miaka 12 aliniomba chura. Hakuomba chura yeyote, bali wale vyura wadogo wa rangi, wa buluu na manjano na wekundu, ambao watu wa Ulaya na Marekani huwafuga ndani ya masanduku ya kioo yaliyopandwa bustani. Nasi twaishi Matinyani, magharibi ya mji wa Kitui, ambako mvua huja mara mbili kwa mwaka ikipenda, na isipopenda haiji.

Asili yetu ni Mombasa, Mji wa Kale. Tulihamia huku miaka mitatu iliyopita kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Majirani zetu ni Wakamba wema waliotupokea vizuri, na siku ya Ijumaa wanaume wetu huenda kuswali msikiti wa Kitui mjini. Sisi wakubwa tulizoea upesi. Binti huyu ndiye aliyekawia. Hakuwa mgonjwa, na shuleni alifanya vyema, lakini nyumbani maneno yake yalikuwa ya kuhesabika: ndiyo Mama, la Mama, nimeshiba Mama. Basi siku aliponiletea daftari lenye kurasa nne alizoziandika kwa mkono wake kuhusu vyura, nilizitazama zile kurasa kwa furaha kabla sijajua zimeandikwa nini. Nilitambua pia kwamba jibu langu, liwe ndiyo au la, litakuwa na uzito kuliko chura mwenyewe.

Ngojeni niwaeleze alichokiandika, maana chasisimua. Vyura hao asili yao ni misitu ya Amerika ya Kati na ya Kusini. Wengi wao ni wadogo, wa kutosha juu ya ukucha wa kidole gumba au wakubwa kidogo kuliko hapo. Rangi zao kali ni onyo kwa anayetaka kuwala, kwa kuwa ngozi zao zina sumu. Mmoja wao, chura wa dhahabu wa pwani ya Kolombia, ana sumu kali hata Waembera wa huko walikuwa wakisugua ncha za vishale vyao mgongoni mwake kabla ya kwenda kuwinda. La ajabu ni kwamba sumu hiyo chura haitengenezi mwenyewe. Huipata kwa wadudu anaowala msituni, sisimizi na utitiri na mfano wao. Aliyezaliwa ndani ya kioo na kulishwa wadudu wa kufugwa hana sumu kabisa.

Na malezi yao yanafundisha. Kwa aina nyingi, baba ndiye alindaye mayai, na yakianguliwa huwabeba viluwiluwi mgongoni mmoja mmoja au kwa vikundi, akapanda nao mtini hadi kwenye kijidimbwi cha maji kilichojikusanya kati ya majani. Kwa chura mmoja mwekundu, mama hurudi kila baada ya siku chache kumtembelea kila mwana katika dimbwi lake, akamtagia yai lisilo na mbegu liwe chakula chake. Binti yangu alikuwa amepigia mstari maneno hayo.

Kwanza nilitaka kujua dini yasemaje, na hapa sikupata taabu. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud na Nasai, tabibu mmoja alimuuliza Mtume (s.a.w.) juu ya kumtia chura katika dawa, naye akakataza kumuua. Ama kufuga, wanazuoni wametaja kisa cha Abu Umair, yule mtoto mdogo aliyekuwa na kindege chake, ambaye Mtume alikuwa akimfanyia mzaha mwanana na kumuuliza habari za kindege hicho. Wakachukua hapo kwamba si haramu mtoto kuwa na kiumbe wa kuchezea, maadamu hateswi. Lakini pamoja na kisa hicho kiko kingine tunachokijua sote, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, asimpe chakula wala asimwachilie ajitafutie. Ruhusa ipo, basi, na ndani ya ruhusa mna amana. Unapomfungia kiumbe mlango, riziki aliyokuwa akiipata kwa Mola wake bila wewe imepita mkononi mwako.

Hapo ndipo nilipoketi na binti yangu tukahesabu riziki ya chura.

Chura hanywi kwa mdomo kama sisi. Hunywa kwa ngozi, hasa ya tumbo na mapaja, na kwa ngozi hiyohiyo huvuta sehemu ya pumzi yake. Ngozi ikikauka, amekwisha. Vyura hawa wa misituni hutaka hewa nzito yenye unyevu mchana na usiku, na joto la baina ya nyuzi 21 na 27 hivi. Adhuhuri ya Septemba chini ya mabati yetu hupita hapo kwa mbali. Hutaka kunyunyiziwa maji safi mara kadhaa kwa siku, maji yasiyo na dawa ya kusafishia, kwa kuwa kinachopita juu ya ngozi yao huingia mwilini. Chakula chao ni wadudu walio hai, wadogo mno: nzi wa matunda waliozalishwa wasiweze kuruka, na vijidudu virukavyo vilivyo kama chembe za chumvi. Nao lazima wapakwe unga wa chokaa na vitamini kabla ya kulishwa, la sivyo mifupa ya chura hulegea. Kwa hivyo anayefuga chura hufuga na nzi. Na chura akitunzwa vizuri huishi miaka 10 na zaidi. Nilimuuliza mwanangu, «Ukiwa na miaka 22 na uko chuoni, nani atamnyeshea?» Akaniambia, «Nitaenda naye.» Nikacheka, naye akacheka. Kicheko kile sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu.

Lakini hesabu ya maji haikuwa ya kuchekesha. Yeyote aliyekaa Ukambani anajua. Kiangazi cha kuanzia Juni hadi Oktoba mito yetu huwa ni njia za mchanga. Akina mama huchimba visima ndani ya mchanga huo, wakateka kwa kata, mtungi mmoja kwa saa nzima. Punda hupita asubuhi na mitungi minne kila mmoja, na bei ya mtungi hupanda kiangazi kinavyozidi. Watu wa Kitui wamejifunza kujenga kuta za mawe na saruji kukata mito ya msimu, ili mchanga unaoletwa na mafuriko ukwame nyuma ya ukuta na kuhifadhi maji ndani yake, mbali na jua. Hapa maji hufichwa kama akiba ya dhahabu. Nitamwambiaje jirani yangu, mwanamke mzee tunayemwita Susu, yaani bibi, kwamba maji aliyouziwa kwa mtungi mimi nayanyunyiza juu ya kioo ili chura wa Kolombia asione kiu?

Iko na sheria. Sheria ya Kenya ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayefuga mnyama wa porini awe na kibali, na vyura wengi wa rangi wamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Si jambo la kuagizia tu kama vitambaa.

Sikutaka kusema la papo hapo na kulifunga daftari. Tukaafikiana hivi: atengeneze sanduku lake la bustani kwanza, likamilike kila kitu isipokuwa chura, kisha alitunze siku 100 za kiangazi pasi kutumia hata kata moja ya maji ya kunywa wala ya kupikia. Zikitimia siku hizo na mimea ingali hai, tutazungumza juu ya chura.

Sanduku tulilipata kwa fundi wa vioo mjini Kitui. Lilikuwa kabati la mahamri la hoteli iliyofungwa, na mlango wake wa mbele ungali mzima. Binti yangu alianza kupanga tabaka kama alivyosoma. Chini kabisa huwekwa kokoto ili maji ya ziada yashuke na mizizi isioze. Juu yake makaa yaliyopondwa, yanayosaidia kuzuia uvundo. Kisha wavu, ili udongo usidondoke, na juu ya wavu udongo wenyewe.

Hapa nilipata somo. Wafugaji wa vyura duniani hawatumii udongo wa shambani. Wanachokipenda ni makumbi ya nazi yaliyosagwa, kwa kuwa hushika maji bila kuwa tope. Nyumba ya chura, anamolala na kutagia mayai, ni kifuu cha nazi kilichokatwa mlango. Na zulia la juu, ambalo huficha wadudu na kulinda unyevu, ni majani makavu, na yanayosifiwa kuliko yote ni ya mkungu. Mkungu huohuo ambao pale kwetu Mombasa huangusha majani yake mekundu kila ua, nasi twayafagia na kuyachoma! Binti yangu alipompigia bibi yake simu kumwomba makumbi, vifuu na gunia la majani ya mkungu, mama yangu alidhani mjukuu anamfanyia mzaha. Wiki iliyofuata gunia lilifika kwa basi, na ndani yake mlikuwa pia na halua na barua.

Lilipofunguliwa, chumba kizima kilinuka Mombasa baada ya mvua. Mwanangu alitia mikono yote miwili katika makumbi akaiacha humo kitambo. Sikusema neno. Nilifahamu kwamba lile sanduku lilikuwa zaidi ya nyumba ya chura.

Maji yake yalitoka kwenye udhu. Tuko watu sita nyumbani. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita, sisi, kwa udhaifu wetu, twatumia zaidi kidogo. Tuliweka karai chini ya birika, na kila aliyetawadha alitawadhia juu yake. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, maji yaliyokwisha kutumiwa katika udhu wa faradhi ni tohara lakini hayatohirishi tena. Hayafai kutawadhia mara ya pili, ila mmea hauna neno nayo. Na kwa kuwa hayana sabuni, ni mema kwa mizizi. Ndoo ya lita 20 ilikuwa ikijaa kabla ya Isha. Sanduku lilitaka chupa moja ndogo tu, na yaliyobaki tuliyamwaga katika shimo tulilolichimba chini ya mti ulioko karibu na choo cha nje, tukapanda migomba miwili na majimbi. Mume wangu alisema tangu tuoane hajapata kuona watu wanaotawadha kwa furaha kama sisi.

Jioni, baada ya Maghribi, tulikuwa tukisoma pamoja habari za vyura, na katika kusoma huko tukafika Tanzania, kwenye kisa ambacho kila mwenye kutamani sanduku la kioo yafaa akijue.

Katika milima ya Udzungwa kuna korongo la mto Kihansi. Maporomoko yake yalikuwa yakirusha manyunyu mchana na usiku, na katika manyunyu hayo, mahali pasipozidi hekta mbili hivi, aliishi chura mdogo wa rangi ya manjano ambaye hapatikani popote pengine duniani. Hatagi mayai, huzaa watoto walio hai, kila mmoja wa milimita tano hivi. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, wakati bwawa la umeme la Kihansi lilipokuwa likijengwa. Taifa lilihitaji umeme, na megawati 180 si kidogo. Lakini mwaka 2000 maji yalipogeuzwa kwenda kwenye mitambo, sehemu kubwa ya mto ilitoweka korongoni, na manyunyu yakatoweka nayo.

Mwishoni mwa mwaka huo vyura 499 walichukuliwa hadi Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, na baadaye wengine wakalelewa katika bustani ya Toledo. Wakawekwa ndani ya masanduku ya kioo yenye mimea, kama lile la binti yangu. Hawa hawakuwa watoto wa miaka 12 waliowatunza. Walikuwa mabingwa wenye maji yaliyochujwa, taa maalumu na mitambo ya kunyunyizia. Hata hivyo vyura walikufa kwa wingi miaka ya mwanzo, wakabaki chini ya 100. Ilichukua miaka kujua wale nini, wamulikwe vipi, wanyeshewe kiasi gani. Huku nyuma, korongoni, mabomba yaliwekwa kurudisha manyunyu kwa mkono wa binadamu, na kwa muda vyura waliongezeka. Kisha mwaka 2003 wakaanguka ghafla, na ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngozi za vyura ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba porini hayupo tena. Duniani kote alibaki ndani ya vioo vya Marekani tu.

Mwaka 2010, vyura 100 walirudishwa nyumbani, wakawekwa katika kituo maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na mwaka 2012 wengine wapatao 2,000 wakaachiliwa Kihansi, chini ya manyunyu ya mabomba.

Binti yangu alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: «Mama, wale waliozaliwa Marekani, walipofika Kihansi walijua kwamba wamerudi kwao?» Nikamwambia, «Allah ndiye ajuaye, mwanangu. Lakini ngozi zao zilijua.»

Kisa hiki kina pande mbili na sikumficha hata mmoja. Kioo kilimwokoa chura wa Kihansi. Lau si wafugaji, leo tungekuwa twamsoma kama twasomavyo wanyama waliopita. Lakini kioo kilihitajika kwa sababu mvua yake ilikatwa, na kuirudisha mvua hiyo, hata kwa dola na mabomba, kuliwashinda wataalamu kwa miaka. Na ule ukungu umesambazwa duniani, pamoja na njia nyingine, na biashara ya vyura wa kufugwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulihesabu zaidi ya aina 500 za viumbe wa jamii ya chura zilizopungua kwa sababu yake, na 90 katika hizo zikidhaniwa zimekwisha kabisa. Mfugaji akimwaga maji ya sanduku lake mtoni bila kujali, huenda amemwaga na ugonjwa.

Mwezi wa Septemba, sanduku likiwa limekwisha kijani, majimbi yamenyanyua majani na siku zimefika sitini na kitu, tukapata mgeni. Alikuwa juu ya ukuta wa choo cha nje, penye jua kabisa, mdogo kama tende, mweupe kama chokaa, amejikunja miguu chini ya tumbo. Binti yangu alidhani amekufa. Susu alikuja akamtazama, akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, «Huyu ni mwenyeji. Hungoja mvua. Mwacheni.»

Tukaanza kumsoma huyu naye. Ni chura wa mtini wa jenasi ya Chiromantis, apatikanaye katika nyika kavu za Afrika Mashariki. Subhanallah, dada zangu! Yale yote niliyoyasema juu ya ngozi ya chura, huyu ameumbwa kinyume chake. Ngozi yake hupoteza maji kidogo sana, karibu sawa na ya mjusi. Jua likiwa kali hujigeuza mweupe ili alirudishe joto. Na ili asipoteze maji kwa mkojo, uchafu wake mwingi hutoka kama unga mweupe, vile ndege wafanyavyo. Mwenzake wa Kolombia hangemaliza siku pale alipokaa yeye wiki baada ya wiki.

Nilingoja ombi, nalo likaja. Alimtazama yule chura siku tatu, akalitazama sanduku lake, na jioni ya tatu akaniambia, «Mama, sanduku liko tayari, na chura amekuja mwenyewe.» Moyo ulinienda mbio, kwa kuwa kwa miezi miwili alikuwa amekuwa mtoto mwingine: akizungumza, akimpigia bibi yake simu, akibishana na ndugu zake juu ya nani atawadhe wa kwanza. Niliogopa neno moja la kukataza lingemrudisha kule kwenye ndiyo Mama na la Mama. Nikamuuliza tu, «Wewe waonaje? Humo ndani kukoje, na yeye yukoje?»

Alikaa kimya mpaka nikadhani nimemuudhi. Kisha akasema, «Humo ndani ni Mombasa. Yeye ni wa hapa. Nikimtia humo atalowa kila siku, ataugua.» Akatwaa kiti akakiweka mbali kidogo na ukuta, akakaa kumtazama. Tangu siku ile alikaa hapo kila jioni, na mtoto wa Susu wa kike, ambaye ni rika lake, akaja kukaa naye. Ndiyo urafiki wake wa kwanza wa Matinyani.

Siku 100 zilitimia mwishoni mwa Oktoba. Mimea yote ilikuwa hai. Nilimkumbusha ahadi yetu, akasema suala la chura wa rangi tuliache kwanza.

Mvua ilianza wiki ya pili ya Novemba, na shimo letu la maji ya udhu likajaa. Usiku wa tatu tulisikia purukushani mtini, na asubuhi tukakuta tonge la povu jeupe, kubwa kama embe, limening'inia kwenye tawi juu ya maji. Hivyo ndivyo chura huyu azaavyo: jike hutoa ute, na yeye na madume huupiga kwa miguu mpaka ukawa povu, mayai yakiwa ndani. Juu povu hukauka likawa ganda, ndani likabaki na unyevu. Baada ya siku chache viluwiluwi hudondoka mmoja mmoja majini. Tulihesabu siku tano, tukaona vinadondoka kama matone. Ndugu zake wote walilala chini kifudifudi kutazama, na Susu amesimama nyuma yao akicheka.

Mwajua mama hakosi hofu, nami hofu yangu ilikuwa mbu. Kila asubuhi tulipitisha chujio juu ya maji kutoa vibuu vya mbu, tukiwaacha viluwiluwi. Walipoota miguu na kutoka, tulilitoa maji shimo na kuyapa migomba. Mwenye kutaka kufanya kama sisi asiache maji yakakaa pasi kuangaliwa, hasa penye watoto wachanga.

Sanduku bado liko sebuleni. Ndani mna kangaga, majani ya mkungu na vifuu viwili, na hamna mnyama. Wageni huchungulia wakitafuta samaki. Bibi yake alipokuja kututembelea alikaa mbele yake muda mrefu, akasema kasoro ya adhana ya Mandhry tu.

Wazazi wenzangu, sisemi kufuga ni kubaya. Wapo wanaofuga vyura kwa elimu, kwa kibali, kwa maji ya kutosha, na kwa kununua waliozalishwa kwa wafugaji badala ya walioibwa msituni, na Mwenyezi Mungu huenda akawalipa kwa kuwatunza viumbe wake. Nisemalo ni kwamba mtoto wako akikuomba kiumbe, awe chura, kasuku, kobe au samaki, usikimbilie ndiyo wala la. Mwombe kwanza akuandikie kile kiumbe anakula nini, anakunywa vipi, ataishi miaka mingapi, na kwao mvua ikoje. Mpe nafasi ya kuitunza nyumba tupu kabla ya kumkabidhi roho. Na mtazame mtoto naye, kwani huenda anachokiomba ni kingine, akakosa jina lake akakiita chura.

Allah atujaalie kuwa wenye huruma kwa wanetu na kwa viumbe alivyotuwekea mikononi, na atunyeshee mvua yenye manufaa, sisi wa nyika na nyinyi wa pwani. Amin.

Wassalamu alaykum.